Oili Ikivuja, Pesa Zisivuje

Umeona doa jeusi chini ya Volkswagen Beetle yako pale Changamwe? Usipuuze. Injini hii haina maji. Inapozwa na hewa na oili, tena inabeba lita 2.5 tu.

Fundi aisafishe kwanza, aiwashe, ndio aone inakotoka. Mara nyingi ni gasketi za vifuniko vya valvu, kazi ndogo. Ikiwa ni sili ya flaiwili, lazima injini ishushwe.

Sasa malipo. Tunakushauri umtumie muuzaji pesa za spea moja kwa moja, ukisoma jina kabla ya kuweka PIN. Ufundi ulipe baada ya gari kulala usiku mmoja bila doa. Meseji usifute: ndiyo risiti yako mkikosana.