Kusikia Sauti si Kufahamu Maneno

Leo ukurasa wetu wa usalama na afya unazungumza juu ya masikio. Habari zimeenea mpaka Sake, Masisi na Walikale kwamba siku hizi madaktari wanaweza kutia chombo cha umeme ndani ya sikio, na kiziwi akasikia. Habari hizo ni za kweli. Lakini baadhi ya wachimbaji wanazichukua vibaya. Husema: «Kwa nini nijisumbue na vizibo vya masikio? Nikiwa kiziwi, watanitia chombo.» Ni lazima tueleze chombo hicho kinafanya nini, na hakiwezi kufanya nini.

Sikio linafanyaje kazi?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Unaingia katika tundu la sikio na kupiga ngozi nyembamba kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya ngozi hiyo kuna mifupa 3 midogo sana inayopeleka mtikisiko ndani zaidi, mpaka katika kifuko cha mfupa kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Madaktari wanakiita koklea, neno la Kilatini lenye maana ya konokono.

Ndani ya konokono hiyo kuna maji, na ndani ya maji kuna chembe zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Chembe hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo, na mshipa wa fahamu unaupeleka katika ubongo. Chembe za mlangoni mwa konokono hupokea sauti nyembamba, kama ya filimbi. Zile za ndani kabisa hupokea sauti nzito, kama ya ngoma kubwa. Kwa binadamu, chembe hizi zikifa haziоti tena.

«Nasikia, lakini sifahamu»

Makelele ya kazi huua kwanza chembe za sauti nyembamba. Hapo ndipo mfanyakazi anapodanganyika. Anasikia gari likipita, anasikia mbwa akibweka, anasikia hata watu wakizungumza. Basi anasema masikio yake ni mazima.

Lakini tazameni maneno yetu. Sauti za a, e, i, o na u ni nzito na zina nguvu. Sauti za s, f, t, k na sh ni nyembamba na dhaifu, nazo ndizo zinazotenga neno na neno. Kaa, saa, taa na paa: ukiondoa sauti ya kwanza, yote yanabaki «aa». Mke anasema: «Baba Furaha, leta taa», naye mume anajibu: «Saa ngapi?» Nyumbani watu watacheka. Shimoni kapita anapiga kelele: «Toka!», na mtu aliyeharibika masikio anasikia «...oka». Je, ni toka, choka au shoka? Wakati anapofikiri, jiwe halimngoji.

Ndiyo maana twasema: kusikia sauti ni jambo moja, kufahamu maneno ni jambo lingine.

Chombo cha koklea ni nini?

Kuna vyombo vya namna mbili, na watu wengi wanavichanganya.

Cha kwanza ni kikuza-sauti kinachovaliwa sikioni. Kinapokea sauti, kinaiongezea nguvu na kuipeleka katika sikio lilelile. Kinamsaidia mtu ambaye bado ana chembe nzima za kutosha.

Cha pili ni chombo cha koklea. Hicho hakikuzi sauti. Kinafanya kazi mahali pa chembe zilizokufa. Kina sehemu mbili. Sehemu ya nje huvaliwa nyuma ya sikio. Ina maikrofoni, mashini ndogo ya kupanga sauti, betri, na kisahani chenye sumaku kinachoshika kichwani. Sehemu ya ndani huwekwa na daktari mpasuaji chini ya ngozi, nayo ina uzi mwembamba unaoingizwa katika konokono ya sikio. Juu ya uzi huo kuna vituo vya umeme, kwa kawaida 12 mpaka 22. Sauti nyembamba inapelekwa kwenye vituo vya mlangoni, sauti nzito kwenye vituo vya ndani, na mshipa wa fahamu unaamshwa kwa umeme.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1957, mjini Paris, Djourno na Eyriès waliamsha mshipa wa sikio la mtu kwa umeme. Mwaka 1961 daktari William House wa Marekani alianza kuwapandikizia wagonjwa wake. Vyombo vya kwanza vilikuwa na kituo kimoja tu: mgonjwa alisikia kwamba kuna sauti, lakini hakuweza kufahamu maneno bila kutazama midomo. Mwaka 1978, mjini Melbourne, Australia, Graeme Clark alipandikiza chombo chenye vituo vingi, na njia ya kufahamu maneno ikafunguka. Ilipofika mwaka 2022, vyombo zaidi ya milioni 1 vilikuwa vimepandikizwa duniani. Katika nchi jirani ya Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kazi hii mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India.

Na sisi wachimbaji tuna sehemu yetu katika vyombo vidogo vya umeme. Koltani ya Rubaya inatoa tantali, na kasiterite ya Bisie inatoa bati la kulehemu. Madini hayo hutumika katika vyombo vingi vya namna hiyo, hata vile vya kusaidia masikio.

Kwa nini chombo si sikio jipya?

Hesabu yenyewe inaonyesha: vituo 22 mahali pa chembe 15,000. Ni kama kuchora uso wa mtu kwa mawe 22. Utatambua kwamba ni uso, lakini mengi yatakosekana.

Baada ya kupasuliwa, mgonjwa hungoja kwa kawaida majuma machache ndipo chombo kiwashwe. Siku hiyo watu wazima wengi husema kwamba sauti za watu ni kama za mashini au za bata. Ubongo unapaswa kujifunza lugha ya umeme huo. Mtu hufanya mazoezi kila siku: kusikiliza maneno, kuyarudia, kusomewa na jamaa yake. Maendeleo makubwa huonekana katika miezi ya kwanza, nayo huendelea mwaka mzima au zaidi. Aliyesema lugha tangu utoto na kuwa kiziwi baadaye mara nyingi hufika mahali pa kuzungumza vizuri na mtu mmoja katika chumba kimya. Wengine huweza hata kutumia simu.

Lakini penye makelele, kama sokoni au karibu na mashini, wengi hupata taabu. Tena chombo hupeleka vibaya kupanda na kushuka kwa sauti. Hili ni jambo kubwa kwetu. Katika Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Lingala, kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kugeuza maana. Kwa Lingala, moto ni mtu. Ukipandisha sauti mwishoni, motó, ni kichwa. Mwenye chombo hufahamu tofauti hizo kwa shida zaidi, na mara nyingi hutegemea maneno yanayozunguka.

Chombo chataka pia betri kila siku, kulindwa na maji na vumbi, na fundi wa kukipanga mara kwa mara. Na kabla ya kupigwa picha ya mwili kwa mashini yenye sumaku kubwa, mwenye chombo ni lazima amweleze daktari.

Nani anafaa?

Mchimbaji aliyeharibiwa na makelele mara nyingi bado ana chembe za sauti nzito. Kwake dawa ya kwanza ni kikuza-sauti, si kupasuliwa. Chombo cha koklea kinafikiriwa pale kikuza-sauti kinaposhindwa kumsaidia kufahamu maneno.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi ana haraka kuliko mtu mzima. Ubongo hujifunza lugha katika miaka ya kwanza. Akipandikizwa kabla ya miaka 2 au 3, na jamaa wakisema naye kila siku, anaweza kufahamu na kusema vizuri. Aliyezaliwa kiziwi na kupandikizwa akiwa mtu mzima husikia sauti, lakini mara nyingi hafahamu maneno.

Homa ya uti wa mgongo, yaani menenjiti, ina haraka zaidi ya yote. Baada ya ugonjwa huo mfupa unaweza kuota ndani ya konokono na kuziba njia ya uzi, wakati mwingine katika majuma machache tu. Mtoto aliyepona menenjiti apimwe masikio mara moja.

Na asiyeweza kupata chombo asifichwe nyumbani. Andrew Foster, Mmarekani aliyekuwa kiziwi kwa menenjiti akiwa na miaka 11, alianzisha shule nyingi za viziwi katika Afrika, na Kongo ni mojawapo ya nchi hizo. Alikufa mwaka 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda. Lugha ya ishara aliyoieneza yatumika mpaka leo. Ni lugha kamili, na mtoto mwenye lugha ya ishara anaweza kusoma na kupata kazi.

Kinga ya kazini na nyumbani

Kiasi cha makelele kinachokubaliwa ni desibeli 85 kwa masaa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unapungua nusu: 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, 94 ni saa 1. Mashini ya hewa ya kutoboa mwamba mara nyingi hupita 100, hata 110. Kwa desibeli 109, muda haufiki dakika 2 kwa siku nzima.

Hata anayechimba kwa mkono hayuko salama. Nyundo ndani ya shimo, baruti, jenereta na mashini ya kusaga mawe vyote vinaharibu masikio. Na wakaaji wa Sake, iliyo kilomita zipatazo 25 kutoka Goma, waliusikia mlio wa silaha nzito katika mapigano ya mwaka 2024 na Januari 2025. Mlio wa namna hiyo unaweza kupasua ngozi ya sikio na kuua chembe kwa mara moja. Aliyebaki na mlio sikioni, usaha au uzito wa kusikia aende kupimwa.

Basi shikeni haya:

1. Vaa vizibo kabla ya kuingia penye makelele, na usivitoe mpaka umetoka. Kuvitoa kwa dakika chache tu kunapoteza sehemu kubwa ya kinga.

2. Nawa mikono, viringisha kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu, ingiza, kisha kishike mpaka kijae. Pamba ya kawaida haizuii makelele.

3. Ukibaki na mlio masikioni baada ya kazi, mwambie kapita na muuguzi. Huo ni mwito wa hatari.

4. Shimoni patana na wenzako juu ya ishara za taa na za mkono. Usitegemee kupiga kelele peke yake.

5. Usinunue sindano sokoni. Jentamisini, streptomisini na kanamisini zinaweza kuua chembe za sikio daima. Zitumike kwa amri ya daktari tu.

6. Akina mama, wapelekeni watoto kwenye chanjo ya surua na za menenjiti. Mtoto asiyeshtuka kwa sauti kubwa, au asiyesema neno lolote akifika mwaka mmoja na nusu, apimwe.

7. Usitie njiti, mafuta ya moto wala dawa ya majani sikioni. Nta au usaha vina tiba yake katika kituo cha afya.

8. Ukisema na mtu mzito wa kusikia, simama mbele yake penye mwanga, sema polepole, usipige kelele.

Ndugu wafanyakazi, kizibo cha masikio ni kidogo, lakini kinalinda kitu ambacho mpasuaji hodari wa dunia hawezi kukirudisha kama kilivyokuwa. Mshahara wa mwezi huu ukiisha, mwezi ujao unakuja mwingine. Chembe ya sikio ikiisha, imeisha. Vaeni vizibo leo, mpate kufahamu maneno ya wajukuu zenu kesho.