Je, Kuna Mtoto Asiye na Kichwa cha Shule?

Kila matokeo ya upimaji wa Darasa la Nne yanapotoka, simu ya studio yetu haipumziki. Wengi hupiga kuwapongeza watoto wao. Safari hii ilituingia simu ya aina nyingine. Alikuwa bibi mmoja wa Uru. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema:

"Mwanangu, mjukuu wangu amefeli. Baba yake anasema huyu hana kichwa cha shule, kurudia darasa ni kupoteza muda, bora abaki nyumbani akate majani ya ng'ombe. Nyie watu wa redio mnaongea na wataalamu. Niambieni, ni kweli kuna mtoto aliyeumbwa bila kichwa cha shule?"

Swali la bibi huyu si dogo. Likijibiwa vibaya, mtoto wa miaka 10 anaondolewa darasani, na kumrudisha baadaye ni kazi ngumu. Ndiyo maana tumeamua kuliandikia, ili hata aliyekosa kipindi asome kwenye simu yake.

Walichokiona watafiti Bagamoyo

Jibu la kwanza halitoki mbali. Linatoka hapa hapa Tanzania, Bagamoyo. Mwaka 2002 wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakishirikiana na watafiti wa Tanzania, walichapisha utafiti walioufanya kwenye shule za msingi za huko. Waliwapima watoto zaidi ya 300, wengi wao wa miaka 11 hadi 13, kwa mafumbo ya kufikiri.

Fumbo mojawapo lilikuwa la maswali 20: mpimaji anachagua kitu kimoja kati ya vingi, mtoto anauliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana mpaka akipate. Tuseme ni mbuzi 16, na wewe unatafuta mbuzi mmoja. Ukiuliza "ni huyu?" mmoja mmoja, unaweza kuuliza mara 15. Lakini kama nusu yao ni weusi, ukauliza "ni mweusi?", kwa swali moja tu umebakiwa na mbuzi 8. Ukiendelea kugawa hivyo, kwa maswali 4 umempata.

Baada ya kupimwa mara ya kwanza, watoto walifundishwa njia za kufumbua mafumbo hayo. Mafunzo yenyewe hayakufika hata saa moja. Kisha wakapimwa tena. Alama zao zilipanda, kuliko za kundi la watoto wengine ambao hawakufundishwa.

Lakini jambo kubwa ni hili: alama za kwanza hazikutosha kutabiri alama za pili. Baadhi ya watoto walioonekana wako chini walipanda wakawapita wenzao. Kama watafiti wangefunga daftari baada ya kipimo cha kwanza, watoto hao wangeandikwa kuwa ni wazito wa kuelewa. Kumbe walikuwa hawajaonyeshwa njia.

Kwa hiyo, bibi yetu, mtihani mmoja unatuambia mtoto anajua nini leo. Hautuambii anaweza kujifunza nini kesho akifundishwa vizuri.

Hesabu za sokoni na hesabu za ubaoni

Wapo watoto wengine ambao kila mzazi hapa mlimani anawajua. Darasani hesabu zinamshinda. Lakini mpeleke Kiboriloni siku ya soko akauze parachichi: anapokea noti, anarudisha chenji sawasawa, na humdanganyi hata shilingi 100.

Hili nalo limechunguzwa. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha walichokiona katika mji wa Recife, Brazil. Walikwenda kwa watoto wanaouza nazi na bidhaa nyingine mtaani, wakajifanya wateja, wakawauliza hesabu za bei. Watoto walikuwa 5 tu, lakini maswali yalikuwa mengi. Kwa wastani, katika kila maswali 100 walipata 98. Baadaye watoto wale wale wakapewa hesabu za namna ile ile kama zinavyoandikwa shuleni, namba tupu bila nazi wala mteja. Wakapata kama 37 katika kila 100.

Sokoni mtoto anajua namba ile ni nini: ni nazi, ni pesa ya mama, ni chenji ya mtu. Akiulizwa bei ya nazi 10, anaanza na bei ya 3 anayoijua, anaongeza 3 nyingine, na 3 nyingine, na moja. Ubaoni anajaribu kukumbuka kanuni ambayo hajui imetoka wapi.

Hii haina maana kwamba hesabu za shule ni za bure. Zinamsaidia kupiga hesabu kubwa ambazo kichwa peke yake hakiwezi kuzibeba. Lakini anza na anachokijua. Kama kuzidisha kunamshinda, mpeleke kihambani: mistari 4 ya kahawa, kila mstari una miche 6, jumla ni mingapi? Akishajibu, ndipo mwandike pamoja 4 mara 6 kwenye daftari, aone kwamba ni kitu kile kile.

Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia

Wasikilizaji wengi hutuambia: "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Hapa kuna habari njema.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio kuhusu kumbukumbu. Wanafunzi wa chuo walisoma habari fupi. Wengine wakairudia kuisoma tena na tena. Wengine wakafunga karatasi, wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, walioirudia kuisoma ndio waliokumbuka zaidi. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka bila kuangalia waliwapita wenzao.

Mtoto akisoma daftari mara 5 anajiona ameelewa, kwa sababu maneno anayaona mbele yake. Akilifunga ndipo anapogundua kilichoingia na kilichopita. Ile kazi ya kukumbuka ndiyo inayokaza somo kichwani.

Na kazi hiyo haihitaji mzazi aliyesoma. Jioni mnapomenya ndizi za mtori, mwambie: "Haya, funga daftari, nisimulie mlichofundishwa leo." Akikwama, afungue aangalie, kisha afunge tena aendelee. Baada ya siku mbili tatu muulize tena somo lile lile, na wiki ijayo tena. Kidogo kidogo kwa siku nyingi kunashinda kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani.

Tusiwacheke wanaouliza

La mwisho ni kisa kinachotugusa sisi watu wa Kilimanjaro. Mwaka 1963, katika Sekondari ya Magamba mkoani Tanga, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile mhadhiri mgeni, Denis Osborne. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alikwenda kulijaribu.

Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na wakati huo Mpemba alikuwa anasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapa hapa juu ya Moshi. Wanasayansi wanalijadili jambo hilo mpaka leo, na duniani linaitwa kwa jina lake.

Mtoto anayechekwa au kuchapwa kwa kukosea hujifunza jambo moja haraka sana: kunyamaza. Hofu nayo inachukua nafasi kichwani, ile ile aliyoihitaji kushika swali na kutafuta jibu.

Tulivyomjibu bibi

Hatukumuahidi kwamba mjukuu atakuwa wa kwanza darasani. Watoto hawalingani, na wapo wanaohitaji kuchunguzwa macho au masikio kwanza, maana asiyeona ubao hawezi kuunakili. Tulimwambia amwombe baba wa mtoto mambo matatu: aende shuleni amuulize mwalimu ni wapi hasa mtoto anapokwama, kila jioni amsikilize akisimulia somo, na asimwite mjinga tena.

Bibi alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Basi mrudie kulisema hili redioni jioni, saa moja kamili. Baba yake huwa anasikiliza."

Tulilisema. Na wewe uliyesoma hapa, ukimjua mzazi mwenye mtoto kama huyu, msomee.