Filta ya koni: Mteja analipia nguvu au mlio?

Wiki hii ukurasa huu unaacha kwa muda bei za nafaka na fedha za kigeni na kuingia katika maduka ya vipuri vya magari ya Gerezani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Huko ipo bidhaa inayotundikwa mbele ya kaunta mahali ambapo kila mpita njia ataiona. Ni filta ya hewa yenye umbo la koni, aghalabu nyekundu au bluu, pamoja na bomba lake linalong'aa. Hufungwa badala ya lile boksi jeusi la filta ambalo gari hutoka nalo kiwandani.

Wateja wake wa asili ni vijana wenye Subaru na Mark II. Lakini soko halina mipaka, na siku hizi koni hutolewa hata kwa mwenye Toyota IST inayofanya kazi ya teksi mtandao. Huyu ndiye anayetuhusu zaidi katika makala haya, maana gari lake ni mtaji na pengine bado analilipia mkopo.

Muuzaji hutaja faida tatu: nguvu itaongezeka, mafuta yatapungua, na hutanunua filta tena kwa kuwa hii huoshwa. Tuzipime moja moja kama inavyopimwa hesabu yoyote ya uwekezaji.

Tuanze na nguvu. Injini ni pampu ya hewa. Injini ya lita 1.3, kama ile ya 2NZ-FE iliyomo katika baadhi ya IST, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huweza kuvuta hadi lita 3,900 za hewa kwa dakika, kwa sababu kila silinda hujaza hewa mara moja katika mizunguko miwili. Hapo upana wa njia ya hewa una maana, na njia iliyo wazi zaidi inaweza kuongeza hospawa chache. Injini hiyo yenyewe hutoa hospawa zisizofika 90, hivyo hata tukimpa muuzaji asilimia 5 kwa ukarimu, tunazungumzia hospawa 4 tu.

Isitoshe, hospawa hizo 4 hupatikana pale tu pedali ya mafuta inapokuwa imekanyagwa hadi chini. Baada ya filta kipo kisahani kinachofunguka na kufunga kufuatana na mguu wa dereva. Katika foleni ya Ubungo au Buguruni kisahani hicho muda mwingi kimekaribia kufungwa, na ndicho kinachobana hewa, wala si filta. Kupanua mlango wa nje wa nyumba wakati mlango wa chumbani umefungwa hakumwingizi mtu chumbani haraka zaidi.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hulipita kimya. Boksi la kiwandani mara nyingi huvuta hewa kutoka nje ya chumba cha injini, kupitia bomba linalotokeza karibu na taa ya mbele au nyuma ya grili. Koni iliyofungwa wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha chemshwa na rejeta na ekzosi. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Tuseme nje ni nyuzi 32 na chini ya boneti ni nyuzi 60: uzito wa hewa katika ujazo ule ule hupungua kwa takriban asilimia 8. Hapo zile asilimia 5 za ukarimu zimekwisha liwa, na mwenye gari amebaki na deni la asilimia 3.

Basi kwa nini wengi huapa kwamba gari limechangamka? Jibu ni mlio. Boksi la kiwandani lina kazi ya pili, nayo ni kunyamazisha sauti ya injini inapovuta hewa. Likiondolewa gari hunguruma, na sikio humwambia dereva kwamba anakwenda kasi. Sina ugomvi na anayenunua mlio kwa pesa yake. Kila mlaji na ladha yake. Ugomvi ni pale mlio unapouzwa kwa jina la hospawa.

Hoja ya mafuta ni dhaifu zaidi. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa matokeo ya kupima magari ya petroli yenye filta safi na yale yenye filta iliyoziba. Kwa magari ya kisasa yenye noseli zinazoongozwa na kompyuta, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kujali. Kilichopungua kwa filta chafu ni uwezo wa gari kuchanganya kasi. Ni katika gari la zamani la kabureta ndipo filta mpya ilipookoa mafuta, kati ya asilimia 2 na 6. Kama kutoka filta iliyoziba kwenda safi hakuokoi petroli katika IST, kutoka safi kwenda koni kutaokoa nini?

Inabaki hoja ya kuosha, na hapa muuzaji ana nusu ya haki. Kampuni ya K&N, iliyoanzishwa California mwaka 1969, ndiyo iliyojipatia jina kwa filta za pamba zinazopakwa mafuta maalumu, na hudai kwamba katika barabara kuu za kawaida filta yake huweza kwenda hadi maili 50,000 kabla ya kuoshwa. Hizo ni kilomita 80,000 za lami safi. Anayeshuka kwenye vumbi kila siku kufika nyumbani hawezi kuichukua hesabu hiyo kama ilivyo. Kuosha nako kuna utaratibu: sabuni yake, kukausha bila upepo wa kompresa, kisha mafuta kwa kipimo. Yakizidi, huweza kufuata hewa na kuganda kwenye sensa inayopima hewa, ambayo katika Toyota nyingi za kizazi hiki hukaa pale pale kwenye mfuniko wa boksi la filta. Taa ya cheki injini huwaka, na fundi huanza kukuuzia vitu vingine.

Kinachonitisha zaidi ni vumbi lenyewe. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga, ambazo ni ngumu kuliko vyuma vingi vilivyomo ndani ya injini. Chembe nyembamba kuliko unywele zikipita kwenye filta husaga ringi na kuta za silinda, huku nyingine zikiishia kwenye oili. Dalili hazionekani wiki hiyo wala mwezi huo. Baadaye gari huanza kula oili, moshi wa bluu hutokea nyuma, na mwenye gari hulaumu oili feki. Koni isiyo na jina, ambayo hakuna ajuaye uwezo wake wa kuchuja wala kama mpira wake umekaza barabara kwenye bomba, ni bahati nasibu ambayo tuzo yake ni kushusha injini. Kwa dereva wa teksi hizo ni siku kadhaa bila mapato, huku marejesho ya mkopo yakiendelea.

Wapo ambao hesabu yao ni tofauti. Mwenye gari la turbo anayeshiriki mashindano, anayeweza kupanga upya kontroli boksi na kuifungia koni yake ndani ya kizuizi cha joto, anaweza kupata thamani ya pesa yake. Snokeli ya Land Cruiser nayo ni biashara nyingine kabisa: hainunuliwi kwa hospawa, bali kwa kuinua mdomo wa hewa juu ya maji na vumbi zito. Kinyume chake, koni inayoshushwa hadi nyuma ya bampa kutafuta ubaridi ni hatari wakati wa masika, hasa kwa anayepita Jangwani. Maji hayagandamiziki, yakiingia kwenye silinda hupinda konrodi.

Kwa mwenye IST ushauri wangu ni filta ya kawaida ya karatasi yenye ubora, inayokaa sawasawa ndani ya boksi lake, ikaguliwe mapema kuliko kitabu kinavyosema kama njia zako ni za vumbi. Anayetaka ile ya kuoshwa na atafute inayoingia ndani ya boksi lile lile, kwani zipo, na hatapoteza njia ya hewa baridi.

Na aliyekwisha amua kuweka koni asiondoke gereji bila boksi lake la zamani. Mnunuzi wa kesho akifungua boneti na kuona koni huhisi gari limekimbizwa, na hushusha bei. Boksi likiwa stoo, koni hutolewa siku moja kabla ya gari kutangazwa. Likibaki gereji litauzwa, na huenda ukalinunua wewe mwenyewe, Gerezani, kwa bei ya mtumba.