Saa 72 za Kumrudisha Mama

Mama aliondoka Unguja Februari 2020 kwenda Muscat kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Alipanga kukaa mwezi mmoja. Begi lake lilikuwa dogo kiasi kwamba pale uwanjani Kisauni mhudumu alimwuliza kama mzigo wenyewe ndio huo. Ndani mlikuwa na madira matatu, kanga jozi mbili, kashata za nazi za kupelekea wajukuu, na vidonge vya presha vya siku 30, ambavyo alivihesabu kimoja kimoja mbele yangu juu ya meza ya jikoni. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia. Tarehe 29 Machi Oman ikafunga viwanja vyake kwa abiria. Mama alirudi nyumbani Oktoba 2021.

Watu huniuliza ilikuwaje tukamwacha huko muda wote huo. Hatukumwacha. Oman ilifungua tena viwanja tarehe 1 Oktoba 2020, lakini Mama ana miaka zaidi ya sabini na sikio lake la kushoto halisikii. Hawezi kubadilisha ndege peke yake. Ilibidi mtu amfuate, na mtu huyo ni mimi. Nilinunua tiketi ya Machi 2021 kwa fedha ya upatu, zamu niliyoisubiri miezi kumi. Mwishoni mwa Februari Oman ikazuia wasafiri wanaotoka nchi 10, Tanzania ikiwa mojawapo. Shirika la ndege halikurudisha fedha. Lilinipa vocha ya mwaka mmoja yenye jina langu, nisiyoweza kumpa mtu wala kuibadilisha. Wenzangu wa upatu walikuwa wanasubiri niendelee kuchangia kila wiki, na mimi nilikuwa na namba kwenye simu badala ya safari. Sijasahau uchungu wa mwezi ule.

Februari hiyohiyo ndipo alipofariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Chama chake kilikuwa kimeshatangaza kwamba amepatikana na korona. Mama alipiga simu kutoka Muscat usiku ule akilia, akaniuliza swali moja tu: "Na nyinyi huko mnavaa barakoa?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tangu Mei 2020 nchi yetu ilikuwa haitoi takwimu za wagonjwa, ikiwa imeishia kwenye 509. Mtaani waliovaa barakoa ungeweza kuwahesabu.

Mambo yalianza kufunguka Julai 2021. Chanjo ya Johnson & Johnson iliingia nchini, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Nilikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo mtaani kwetu kwenda kuchanjwa, na sindano ilikuwa moja tu. Tarehe 1 Septemba Oman ikaruhusu wageni waliochanjwa kikamilifu kuingia. Vocha yangu ilikuwa bado hai.

Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ya saa 72. Mtu aliyesafiri miaka ile ataniambia simfundishi kitu, lakini kwa ambaye hakusafiri nieleze. Kipimo cha PCR kinachukua ute wa puani au kooni, maabara inatafuta humo vinasaba vya kirusi, na mashine inavirudufu: 1 kinakuwa 2, 2 vinakuwa 4, 4 vinakuwa 8. Baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kimeshapita bilioni. Ndiyo maana hata chembe iliyojificha huonekana. Ubaya wake ni kwamba mashine haitofautishi kirusi kizima na mabaki yake. Jirani yangu mmoja alipona kabisa, akarudi kazini, akapimwa kwa ajili ya safari, na kipimo kikaendelea kumwandika mgonjwa wiki tatu mfululizo.

Tena kipimo ni picha ya siku uliyopimwa. Aliyeambukizwa jana anaweza kuonekana safi leo. Kwa hiyo kila nchi ilijiwekea muda ambao picha hiyo ingekubalika, na saa zilianza kuhesabiwa tangu pamba ilipoingia puani, si tangu majibu yalipotoka. Wengi walirudishwa uwanjani kwa kutolijua hilo. Mimi nilichukua karatasi nikapiga hesabu kama mwanafunzi. Kupimwa Jumanne saa 2 asubuhi. Kuruka Alhamisi jioni. Kubadilisha ndege Addis Ababa usiku. Kufika Muscat Ijumaa alfajiri, ukikumbuka kwamba saa ya kule iko mbele ya yetu kwa saa moja. Jumla ni saa 68. Akiba yangu ilikuwa saa 4, na ndege ikichelewa zaidi ya hapo, cheti kingeoza mkononi.

Majibu yalikuja Jumatano usiku kwa barua pepe, na nikayachapisha nakala tatu. Alhamisi nikafika kaunta nikiwa na pasipoti, cheti cha chanjo, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, uthibitisho wa kujiandikisha kwenye programu ya Oman inayoitwa Tarassud+, na cheti changu cha PCR. Kijana wa kaunta akavisoma vyote taratibu, kisha akaweka kidole juu ya jina langu. Kwenye pasipoti nina majina matatu: langu, la baba na la babu. Kwenye cheti cha PCR niliandikwa majina mawili. Maabara ilikuwa imemwacha babu nje.

"Mama, hapa siwezi kukupitisha," alisema. Hakunifokea. Alionyesha kwamba hata yeye hapendi, lakini abiria akikataliwa kule anakokwenda, shirika ndilo humrudisha kwa gharama yake, na mara nyingi hutozwa faini juu yake. Kijasho chembamba kikanitoka. Niliketi sakafuni kando ya begi langu, nikapiga simu maabara mara sita. Mara ya saba akapokea kijana mwenye sauti ya mtu aliyekuwa anakula. Nikamwambia habari ya Mama, yote, tangu vidonge vya siku 30. Akanyamaza, kisha akasema, "Subiri, usikate." Nilisikia vidole vyake kwenye kompyuta. Cheti kipya chenye majina matatu kikaingia kwenye simu yangu dakika 35 kabla ya kaunta kufungwa. Sikuwahi kumwona kijana yule. Namwombea dua mpaka leo.

Nilipanda ndege nikiwa nimechoka kama niliyelima. Na hapo, kwa mshangao wangu, raha ikaanza. Safu yangu nzima ilikuwa tupu. Mhudumu alipita akatupa kila mtu kifuko chenye barakoa, kitambaa cha kujifutia na kichupa cha kitakasa mikono, akaniambia nikitaka naweza kulala viti vyote vitatu. Nilijifunika kanga nikajinyoosha. Mwaka 2019 mashirika ya ndege duniani yalibeba abiria wapatao bilioni 4.5, mwaka 2020 walishuka hadi bilioni 1.8. Nambari hizo nilikuwa nimezisoma, lakini nilizielewa mgongo wangu ulipogusa kile kiti cha tatu.

Kulikuwa na jambo jingine nililolipenda, na ninasikitika kwamba limetuponyoka. Tulipotua Addis hakuna aliyeruka kusimama na kumwekea mwenzake kwapa usoni. Tuliitwa safu kwa safu: wa mbele wakasimama, wakachukua mizigo, wakatoka, ndipo wakaitwa wanaofuata. Wazee na wenye watoto walishuka kwa heshima yao. Haikuchukua muda mrefu kuliko ile vurugu ya kawaida.

Niliogopa sana kile chumba cha ndege kilichofungwa, nikadhani ndimo ugonjwa utakamonipata. Nimejifunza baadaye kwamba hofu yangu ilikaa mahali pasipo pake. Hewa ya ndani ya ndege iliyo angani haikai. Kama nusu yake huingizwa kutoka nje, na inayobaki huzungushwa kupitia vichujio vya HEPA, sawa na vya vyumba vya upasuaji, ambavyo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Ukubwa huo ndio mgumu kuliko wote kuunasa. Chembe ndogo zaidi hutangatanga huku na huku mpaka zikagonga nyuzi za kichujio zikanata. Hewa yote hubadilishwa kila baada ya dakika 2 au 3, nayo huingia juu ya vichwa na kutokea karibu na sakafu, badala ya kutembea kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma. Hatari haiishi, maana jirani akikukoholea, hewa inakufikia kabla haijachujwa, na ndiyo kazi ya barakoa. Lakini nikitazama nyuma, pabaya zaidi palikuwa foleni ya kukagua vyeti, tumebanana watu mia na barakoa zimeshuka kidevuni, na basi la kutupeleka kwenye ndege, madirisha yamefungwa. Tulipuliziwa dawa viatu, tukabanwa kama dagaa.

Uwanja wa Bole uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300, na usiku baridi yake inaingia mifupani. Nilinunua kahawa nikakaa kwenye safu ya viti iliyobandikwa alama ya kuacha nafasi. Upande wa pili wa alama alikaa mama mmoja wa makamo aliyevaa kitenge, akasikia naongea na dada yangu kwenye simu. Akaniamkia kwa Kiswahili cha Goma, Kongo. Alikuwa mfanyabiashara wa viatu na mikoba. "Zamani tulikuwaka tunaenda ku Guangzhou," aliniambia. "Sasa kule walifunga, njo tunaenda ku Dubai." China ilikuwa imefunga mipaka kwa wageni tangu tarehe 28 Machi 2020, na wachuuzi kama yeye walilazimika kununua mkono wa pili, kwa bei ya juu. Mei mwaka ule volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma kwao, ilikuwa imelipuka, akakimbia na watoto wake usiku. Alinihadithia hayo yote kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu ya kile kiti kitupu kati yetu, na watu wa pembeni wakawa wanasikiliza. Aliponyanyuka kwenda lango lake alinikunjia ngumi ya kunisalimia kwa mbali. Sikuuona uso wake wote, lakini macho yake nikikutana nayo sokoni nitayajua.

Muscat tulitua alfajiri. Pembeni ya uwanja niliona ndege zimeegeshwa, midomo ya injini imefunikwa. Ndege isiyoruka haiachwi tu ikae. Magurudumu lazima yasogezwe mara kwa mara yasije yakabonyea upande mmoja, na vile vijibomba vidogo vya kupimia mwendo huzibwa wadudu wasijenge humo. Afisa alikagua cheti changu, akatazama saa, akanipigia muhuri. Wapokezi walikuwa hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo dada alikuwa nje, kwenye joto. Nilikuwa nimeapa kwamba sitamkumbatia Mama mpaka zipite siku kadhaa. Mlango ulipofunguliwa yeye ndiye aliyekuja, mikono mbele, na mimi nikaegemeza kichwa begani kwake kama mtoto.

Kurudi ilikuwa hesabu ileile, sasa mara mbili. Nilikagua majina yetu herufi kwa herufi kabla ya kuondoka maabara. Vyeti vya Mama vilikuwa sawa. Ambacho sikukitegemea ni barakoa. Miezi ishirini ile nilikuwa nikiongea naye kwa simu ya video, ananiona mdomo. Ndani ya ndege nikagundua kwamba siku zote amekuwa akitusikia kwa macho. Mhudumu alivaa barakoa na ngao ya plastiki juu yake. Akiuliza kitu, Mama anaitikia kwa kichwa na kutabasamu chini ya kitambaa. Akaletewa kahawa asiyoitaka. Nikaona anainywa ili asimsumbue mtu. Nikamweleza yule binti kwa ishara, naye akaelewa papo hapo. Aliporudi na toroli alishika mfuko wa chai mkono mmoja na pakiti ya kahawa mkono mwingine, akaviinua mbele ya Mama kama mtu anayepima mizani. Mama akagusa chai. Safari nzima binti yule aliendelea hivyohivyo: juisi hii au ile, kuku au samaki, kila kitu kwa kuonyesha.

Kisauni tulifika tukakuta foleni ya kipimo cha haraka, ingawa kila mmoja alikuwa na cheti chake cha PCR. Abiria mbele yetu walinung'unika. Mama alikuwa amevimba miguu, nami nilikuwa tayari kugombana. Zamu yake ilipofika, muuguzi aliyejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni alimwashiria ashushe barakoa. Mama akaishusha. Muuguzi akasimama na pamba mkononi, hakuipeleka popote.

"Shikamoo bibi," alisema. "Ni wewe? Si walisema umebaki Omani?"

Mama alinigeukia. "Anasema nini?"

"Anakuamkia. Anakujua."

"Nani huyu? Mwambie ashushe na yeye nimwone."

Muuguzi aliingiza pamba puani, akaitia kwenye kichupa, akabonyeza simu yake kuanza kuhesabu dakika 15. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, nne, mpaka akafika dirishani, akaangalia kushoto na kulia, akaivuta barakoa chini ya kidevu.