Mshipa wa Mguu Ukiziba: Kazi ya Waya Unaotangulia

Habari za mishipa ya moyo kuziba zimekwisha kusikika katika parokia nyingi. Lakini mishipa ya miguu nayo huziba, na hilo halijulikani sana. Mwezi huu tunaeleza ugonjwa huo, na hasa kifaa kidogo kinachotangulia vifaa vingine vyote wakati wa kuuzibua mshipa, yaani waya. Tunataka kila familia ijue mambo mawili. La kwanza, mguu wenye mshipa ulioziba si lazima ukatwe. La pili, nafasi ya kuuokoa hupungua kadiri siku zinavyopita.

MSHIPA HUZIBAJE?

Damu safi hutoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri. Ateri kubwa hushuka tumboni, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika matawi mawili, kila tawi likienda kwenye mguu wake. Kwa miaka mingi mafuta hujishikiza kwenye kuta za ateri, huchanganyika na chokaa, na njia ya damu huwa nyembamba.

Wanaolima vinyungu kandokando ya Ruaha Mdogo pale Kalenga wanaelewa jambo hili bila shida. Mfereji ukijaa tope, mboga za mwisho ndizo zinazonyauka kwanza. Katika mwili wetu, vidole vya miguu ndivyo bustani ya mwisho.

Wanaopatwa zaidi ni wavutaji wa sigara na tumbaku, wagonjwa wa kisukari, wenye shinikizo la juu la damu, wenye mafuta mengi katika damu, na wazee.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni maumivu ya kigimbi wakati wa kutembea. Mtu anapanda mlima kwenda Tosamaganga, kigimbi kinabana, anasimama dakika chache, maumivu yanaisha. Akianza tena kupanda, yanarudi. Wengi husema ni uzee au baridi, na hawaendi hospitali.

Baadaye mguu huuma hata usiku kitandani, na mgonjwa hupata nafuu akiuning'iniza chini. Ngozi huwa baridi, kidonda kidogo hakiponi, na mwishowe kidole huwa cheusi. Mgonjwa wa kisukari anaweza asisikie maumivu yoyote, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu imekwisha kudhoofika. Huyo yumo katika hatari kubwa zaidi.

Mganga anaweza kuupima ugonjwa huu kwa kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Likigawanywa la mguu kwa la mkono, jibu likiwa chini ya 0.9, kuna dalili ya mshipa kuwa mwembamba. Kwa wagonjwa wa kisukari kipimo hiki huweza kudanganya, kwa sababu ateri zao huwa ngumu, hivyo huhitaji vipimo vingine.

WAYA UNAFANYA NINI?

Kazi hii hufanyika katika chumba chenye mtambo wa eksirei, na mara nyingi mgonjwa yuko macho. Hatua zake ni hizi:

1. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, mara nyingi kwenye kinena. Kisha sindano yenye tundu huingizwa ndani ya ateri.

2. Waya hupitishwa ndani ya sindano hiyo. Sindano hutolewa, waya hubaki.

3. Mrija mwembamba wa plastiki, uitwao katheta, huvishwa juu ya waya kama vile shanga ya rozari inavyopita kwenye uzi wake. Dawa inayoonekana kwa eksirei hupulizwa humo, na daktari huona mahali palipoziba.

4. Daktari husukuma waya polepole mpaka uvuke kizuizi. Hapa ndipo penye ugumu. Waya usipovuka, vifaa vingine haviwezi kufuata.

5. Ukivuka, waya haondolewi. Vifaa hupokezana juu ya waya uleule. Kwanza linaweza kupita puto la kutanua mshipa. Kinaweza pia kupita kifaa cha kuondoa utando: kimoja hukwangua kwa wembe mdogo sana, kingine husaga kwa ncha inayozunguka, kingine hutumia mwanga wa leza. Pengine huwekwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachozuia njia isizibe tena.

6. Kazi ikiisha, damu ikionekana inapita, ndipo waya hutolewa.

Msomaji aelewe kwa nini waya ni wa lazima. Wembe unaozunguka ndani ya mshipa bila kiongozi ungeweza kuukata ukuta wake. Waya ndio unaokiweka kifaa katikati ya njia.

Waya wenyewe ni mwembamba: unene wake huanzia kama milimita 0.36 na kufika kama 0.89, na urefu wake huweza kufika mita 3. Kiini chake ni cha chuma cha pua, au mchanganyiko wa nikeli na titani ambao ukipinda hunyooka tena. Ncha yake ni laini ili isitoboe mshipa. Nyaya nyingine hupakwa kitu ambacho kikilowa huteleza kama mlenda.

ULIANZIA WAPI?

Mwaka 1953 daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alieleza njia hii ya sindano, waya na katheta. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland nchini Marekani, daktari Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 aliyekuwa na donda ndugu mguuni na aliyekataa kukatwa mguu. Alipitisha waya penye kizuizi cha paja, akaitanua njia kwa mirija. Bibi huyo alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka alipofariki zaidi ya miaka 2 baadaye. Mwaka 1974 Andreas Grüntzig wa Zurich alianza kutumia puto mahali pa mirija ile.

Hapa nchini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 huko Muhimbili, huzibua mishipa ya moyo kwa waya, puto na stenti. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kufundisha madaktari bingwa wa tiba za namna hii zinazoongozwa na eksirei.

SI KWA KILA MGONJWA

Wagonjwa wengi hawahitaji waya. Kuacha tumbaku, kutembea kila siku kwa mpango, na kumeza dawa za kupunguza mafuta na kuzuia damu kuganda huwasaidia sana. Kukwangua utando nako hakujathibitika kuwa bora kuliko puto kwa wagonjwa wote, na uchaguzi ni wa daktari.

Tena kuna hatari zake. Waya unaweza kutoboa mshipa, kipande cha utando kinaweza kuchukuliwa na damu na kuziba mbele, na dawa ya eksirei inaweza kuumiza figo. Mgonjwa amwambie daktari kama ana kisukari au shida ya figo, na dawa zote anazotumia. Na mshipa ukishazibuliwa, mtu akiendelea kuvuta sigara, utaziba tena.

FAMILIA IFANYE NINI?

Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 500, na gharama ni mzigo mzito. Kwa hiyo kazi kubwa ianzie nyumbani.

- Alhamisi Kuu Kanisa huosha miguu. Nyumbani tuikague miguu ya wazee na wagonjwa wa kisukari kila jioni, hata katikati ya vidole.
- Wakati wa baridi ya Juni na Julai, mgonjwa wa kisukari asiote miguu kwenye jiko la mkaa wala kuitia katika maji ya moto. Ataungua bila kusikia. Avae soksi.
- Kidonda cha mguu kisichoonyesha kupona katika wiki mbili kipelekwe hospitali. Kwa mgonjwa wa kisukari, kipelekwe siku ileile kinapoonekana. Kisizungushwe kwa waganga wa kienyeji huku kidole kinaoza.
- Mguu ukiwa ghafla baridi, mweupe na wenye ganzi, usisubiri asubuhi. Saa chache tu zaweza kuupoteza.
- Daktari akishauri kukata mguu, muulizeni kwa heshima kama mshipa umepimwa na kama unaweza kuzibuliwa. Akisema muda umepita, msikilizeni, maana donda ndugu huua.

Wanajumuiya ndogo ndogo wanaotembelea wagonjwa, baada ya sala waombe ruhusa waione miguu ya mgonjwa. Kidonda kikionekana mapema, waya bado una mahali pa kupita.