Je, Wajua? Njaa iliua wengi kuliko risasi

Vita vya Majimaji, vya kupinga utawala wa Wajerumani, vilipofika Ubena, Septemba 1905, Wabena walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, jirani na Njombe. Jibu la Wajerumani halikuwa risasi peke yake. Walichoma nyumba, mashamba na maghala ya nafaka. Hata mbegu. Mkulima aliyekuwa bosi wa jembe lake akabaki mikono mitupu. Huwezi kupanda majivu!

Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki. Hesabu ya wakoloni wenyewe ilitaja vifo 75,000 kusini mwa nchi. Wanahistoria wengine wanataja hadi 300,000.

Na kodi iliendelea kudaiwa, kwa fedha taslimu. Fedha ilikuwa mbali. Kwa miaka mingi, hata chini ya Waingereza, vijana wa Njombe walifunga safari hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba, kwa sababu ya namba aliyopewa kila mmoja. Baba wa watu, mwenye ukoo na jina lake, anaitwa kwa namba!

Leo Matamba, Makete, mkoani Njombe, kinachosafiri ni mazao: viazi mviringo huondoka kwa malori. Aliyevilima ndiye mwenye shamba.