Sakafu ya Zege Nyumbani: Usawa Huanzia Kwenye Mbao

Usawa wa sakafu ya zege huamuliwa na mbao zinazoizunguka, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Zege bichi hufuata kingo zake: mbao zikipinda, sakafu nayo hupinda. Mfano mzuri ni sehemu ya kufulia nyuma ya nyumba, yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na unene wa sentimita 10.

Kazi huanza kwa kuondoa udongo wa juu pamoja na mizizi, kwa kuwa mizizi ikioza huacha mapengo chini ya zege. Kifusi kigumu au mawe madogo humwagwa, hunyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa mpaka pasibonyee. Udongo uliolegea hutitia baadaye, na sakafu hupasuka.

Ndipo mbao za inchi 4 hufungwa pande zote nne. Vigingi hukitwa upande wa nje, kila baada ya sentimita 60 hivi, na vichwa vyake visizidi kimo cha mbao. Kona hukaguliwa kwa kupima hanamu mbili: kwa vipimo hivi, kila moja iwe mita 5 kamili. Usawa hupimwa kwa pima maji au mpira mwangavu uliojazwa maji. Sehemu ya nje haifai kulala bapa kabisa. Upande ulio mbali na nyumba hushushwa sentimita 1 kwa kila mita, ili maji yasituame. Mwisho, mbao hupakwa oili upande wa ndani zisigande.

Sakafu hii inahitaji mita za ujazo 1.2 za zege, yaani takriban mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Kwa uwiano wa 1:2:4, mfuko mmoja huchanganywa na ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo ikiwa ya lita 20. Maji ni lita 25 hivi, na hupunguzwa mchanga ukiwa umelowa. Maji yakizidi, zege humwagika kwa urahisi lakini hukauka likiwa dhaifu.

Mafundi husema zege halilali: likishachanganywa, limwagwe bila kukawia. Humwagwa kuanzia upande mmoja na kuchomwachomwa kwa beleshi, hasa kwenye kona, ili hewa itoke. Kisha watu wawili hushika bao refu lililonyooka, huliegemeza juu ya mbao za pande mbili na kulivuta huku wakilipeleka kushoto na kulia. Palipobonyea hujazwa, bao hupitishwa tena.

Kulainisha kwa mwiko husubiri maji yanayopanda juu yakauke; kuharakisha hufanya uso ubanduke. Katikati ya urefu hukatwa mfereji wa kina cha sentimita 2.5, ili zege likinywea, ufa ufuate mstari huo.

Mbao hutolewa baada ya siku moja au mbili. Zege hukomaa kwa unyevu, hivyo hufunikwa kwa nailoni au magunia na kumwagiliwa kwa siku 7. Mizigo mizito husubiri hadi siku ya 28.